Kitaa cha kijani kisikuridhishe: namna ninavyopima taa za dharura

Wadau, leo naongelea taa za dharura, zile za macho mawili zinazofungwa kwenye korido na ngazi, pamoja na yale maboksi ya kijani yenye picha ya mtu anakimbilia mlangoni. Nafanya matengenezo ya majengo hapa Dar, hosteli, kliniki, ofisi za ghorofa, na sijaona kifaa kinachosahaulika kama hiki. Mtu akishaona kile kitaa kidogo kinawaka anaridhika, wakati kinachoonyesha ni kwamba umeme unafika na chaji inaingia, hakisemi chochote kuhusu betri itadumu muda gani.

Na kitufe cha testi nacho ni hivyohivyo, ukibonyeza sekunde mbili hata betri iliyochoka itawasha. Nyingi ya hizi taa zimetengenezwa kukaa masaa 3 bila umeme. Kwahiyo mimi kila mwezi nazima breka ya taa za ghorofa husika, sio swichi kubwa ya jengo, manake hata sakiti moja ikiungua korido ile ikawa giza taa inatakiwa iwake yenyewe, halafu natembea kuanzia juu mpaka mlango wa nje naangalia ipi imegoma. Mara moja kwa mwaka naziacha masaa yote 3. Ila angalizo, zikishaisha chaji zinahitaji kama masaa 24 kujaa tena, sasa kwenye hosteli ambayo watu wanalala usizimalize zote siku moja, pima moja ruka moja, zilizobaki zipime siku nyingine zile za kwanza zikishajaa.

Taa ikigoma usikimbilie kununua mpya. Zima umeme kwanza, fungua kava. Nimeshakuta betri haijachomekwa kabisa tangu siku ya kufungwa, plagi yake inaning'inia humo ndani! Nyingine betri imevimba na kwenye nguzo zake, zile ncha za chanya na hasi, kuna unga mweupe. Nyingine ukiipima na mita inasoma vizuri tu, volti 3.6 na zaidi, ukiipa mzigo, yaani ukiiachia iwashe taa, volti zinaporomoka hapohapo. Hiyo imekufa, badilisha. Weka ya aina ileile, volti zilezile, na kama ilikuwa ya nikeli kadimiamu usiweke lithiamu kisa imeingia kwenye nafasi, chaja zake ni tofauti na unaweza kuleta moto kwenye kifaa cha kuokoa watu. Za nikeli mara nyingi zinahesabiwa miaka 4 hivi, ila zikikaa juu karibu na bati kwenye joto letu hili zinachoka mapema sana, kwahiyo andika tarehe kwa maka pen juu ya betri mpya.

Kosa linaloniumiza zaidi ni la waya. Taa hizi zinataka laivu ya kudumu, yaani waya wenye umeme muda wote usiopita kwenye swichi, lakini fundi anachukua laini iliyo karibu, ya taa ya kawaida inayopita kwenye swichi. Mlinzi akizima taa usiku, ya dharura inadhani umeme umekatika, inawaka mpaka inaisha, kesho hivyohivyo, baada ya miezi michache betri hoi na watu wanasema hizi taa ni feki. Ukibadilisha betri bila kurekebisha waya umetupa hela ya wenyewe.

Mameneja wengi wananijibu "tuna jenereta". Jenereta inachukua muda kuwaka, na moto ukishakula waya wa ile korido umeme wake hautafika hapo. Zile balbu za kuchaji za dukani nazo ni nzuri kwa nyumbani TANESCO wakikata, ila swichi ikiwa imezimwa haziwaki, na kwenye ngazi yenye wagonjwa au wanafunzi mia mbili sikubali kabisa.

Weka daftari la kila taa, namba yake, mahali ilipo, siku iliyopimwa na imekaa muda gani, Zimamoto wakija kukagua unawaonyesha. Na betri za nikeli zilizokufa msitupe jalalani wala kuchoma, kadimiamu ni sumu. Mimi nazikusanya kwenye ndoo yenye mfuniko, nguzo nimezifunika na tepu, nawapelekea wanaochukua taka za elektroniki.