Situndiki Daluga, Nahama Namba

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: mtu anayecheza kwa kujifurahisha afikishe miaka mingapi ndipo atundike daluga? Nijibu kama mchezaji wa soka la maveterani. Umri wenyewe hauna neno. Kinachowatoa wengi uwanjani ni kung'ang'ania namba waliyoicheza wakiwa na miaka 25.

Mwili hauzeeki wote kwa mpigo mmoja. Nyuzi za misuli zinazotoa kasi hunywea mapema kuliko zile za pumzi ndefu. Ndiyo maana mtu wa miaka 50 anaweza kukimbia polepole saa nzima, lakini akimfukuza winga hatua kumi tu, yuko hoi. Mkimbiaji wa Kanada, Ed Whitlock, alikuwa na miaka 73 alipomaliza marathoni ya Toronto mwaka 2004 kwa saa 2 na dakika 54, muda ambao vijana wengi hawauoni hata ndotoni. Pumzi hudumu ikitunzwa. Kasi ndiyo yenye haraka ya kuaga.

Kwa hiyo mimi nimehama. Nilikuwa winga, nikashuka kiungo, sasa ni beki wa kati, na wakinisukuma zaidi nitaishia golini. Sishindani mbio na mtu. Natazama nyonga za mshambuliaji, si miguu yake, kwa sababu miguu hudanganya. Pasi naitoa kabla sijafikiwa. Kusema kweli, sasa nauona mchezo vizuri kuliko nilipokuwa nakimbia tu.

Hatari kubwa naiona kwa mtu anayekaa kitini wiki nzima, kisha Jumapili anaingia moja kwa moja na kuchomoka kama kijana. Wenye miaka kati ya 30 na 50 ndio hasa hukatika ile kano inayounganisha kigimbi na kisigino. Husikika mlio, "pa!", naye anageuka kwa hasira kumtafuta aliyempiga teke kwa nyuma. Hakuna mtu. Baada ya hapo ni miezi mingi ya kuuguza mguu.

Kupasha moto, basi, si kupiga danadana mbili na kupiga picha. Tunaanza kwa kutembea haraka, mbio za taratibu, kukimbia kinyumenyume, kisha mbio fupi zinazoongezwa kasi kidogo kidogo. Katikati ya wiki nafanya zoezi moja lisilo na raha hata kidogo: nasimama kwenye kidato cha ngazi kwa vidole, visigino vikining'inia, napanda na kushuka polepole mpaka vigimbi viwake. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na waliofikisha miaka 65 waongeze ya kujizuia wasianguke, siku tatu au zaidi. Mechi peke yake haitoshelezi hayo.

Magoti yakikataa kabisa, kuna soka la kutembea, lililoanzia Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011. Ukikimbia umecheza faulo. Wenzangu hulicheka. Mimi nawaambia wajaribu kwanza, maana bila mbio huna pa kuficha pasi mbovu.

Jambo moja tu halina mjadala: anayebanwa kifua, kuhisi kizunguzungu au kukosa pumzi kuliko kawaida yake atoke papo hapo na apelekwe hospitali, hata kama timu itabaki pungufu.

Tunapochanganyika na vijana tumeweka sharti la kutokaba kwa kuteleza wala kwa nyuma. Mengine ruksa. Kijana akinipiga chenga ya halali sina kinyongo naye. Akiacha kunikaba kwa kuwa ameona mvi, hapo ndipo tutagombana.