Ndege gani huyu kwenye mpapai?

Swali: Wahariri, nimewatumia picha mbili za ndege wa kahawia mwenye kishungi. Wanakuja uani kwetu Morogoro kwa kundi na kumaliza mapapai. Ni ndege gani?

Jibu: Picha ya pili imetosha. Mkia mwembamba, mrefu kuliko mwili. Mdomo mweusi juu, chini wa rangi hafifu. Huyo ni kuzumburu michirizi, Colius striatus, kama sentimita 35 pamoja na mkia. Kuzumburu mwenye doa la buluu kisogoni ana uso mwekundu, wako hana.

Picha ya kwanza haisaidii: anga jeupe nyuma yake limeifanya kamera ipunguze mwanga, ndege akabaki kivuli. Jua liwe mgongoni mwako, mguse ndege kwenye skrini, ongeza mwanga, umpige picha kutoka ubavuni. Mdomo na miguu vionekane; rangi ya manyoya pekee hudanganya.