Ukitaka kunywa mate, weka kando mazoea ya chai

Tangu picha za Messi na Suárez zianze kuzagaa, wakishuka kwenye basi la timu na chupa ya chai kwapani na kibuyu mkononi, sijaacha kuulizwa: hawa jamaa wanakunywa nini? Wanakunywa mate. Ndiyo, najua jina hilo linavyosikika kwetu, tulipite. Ni majani ya mti uitwao Ilex paraguariensis, unaoota Paraguay, kusini mwa Brazili na kaskazini mashariki mwa Argentina. Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, nilikoishi, mtu haendi hata kituo cha basi bila kuibeba. Siku hizi baadhi ya wasomaji wamepata pakiti, ama kwa ndugu aliyesafiri ama kwenye duka la Wasyria kule Dubai, na wananiandikia kulalamika: chungu kama mwarobaini. Nikiuliza umeitengenezaje, jibu huwa moja. Nimechemsha.

Hapo ndipo penye tatizo. Sisi tumelelewa na chai ya kutokota: maziwa, majani, tangawizi, sukari, sufuria ifurike mara mbili tatu ndipo mama aridhike. Yerba, yaani hayo majani ya mate, haitaki hivyo. Maji yake ni ya nyuzijoto 70 hadi 80, yasizidi. Huna kipimajoto? Sikiliza birika. Likianza kuvuma, na ukifunua ukaona viputo vidogo vimeng'ang'ania chini bila kupanda juu, epua. Mama mwenye nyumba wangu, maji yakimponyoka yakachemka, alikuwa anayamwaga yote na kuteka upya, na wala hakuwa mtu wa kupoteza vitu. Mimi sifiki huko. Naongeza maji baridi kidogo, basi. Lakini ukimimina maji yanayotokota, uchungu wote unatoka kwa mkupuo, na baada ya muda mfupi unabaki kunywa maji ya moto yenye rangi.

Kuna na sababu ya afya. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzijoto 65, kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Mate isiyo ya moto sana haikuwekwa humo. Kilicholaumiwa ni joto. Hili linatuhusu hata tusipoigusa yerba maishani, maana watafiti wa ugonjwa huohuo wameshapima joto la chai inayonywewa Kilimanjaro, nayo si ya kuchezea. Kwa hiyo hata maji yakiwa sahihi, usifyonze papo hapo. Subiri kidogo, vuta funda dogo.

Sasa kibuyu. Ni mmea uleule unaotupa vibuyu vya kwetu, vile wafugaji wanavyowekea maziwa, ila hiki ni kidogo cha kutosha kiganjani. Kama huna, kikombe kizito chenye mdomo mpana kinafaa, na Wasyria wenyewe hutumia bilauri ndogo. Kisichokwepeka ni bombilla, mrija wa chuma wenye chujio upande wa chini. Mrija wa plastiki wa soda utaziba kwa funda la kwanza.

Jaza yerba theluthi mbili ya kibuyu. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Hapa hatutii kijiko kimoja kwa kikombe. Funika mdomo wa kibuyu kwa kiganja, kipindue juu chini, kitikise. Ukiondoa kiganja utakikuta kimepakaa vumbi la kijani. Huo ndio unga ambao ungeziba chujio, na sasa umepanda juu. Kirudishe taratibu kikiwa kimelala upande, ili yerba iegemee ukuta mmoja na upande wa pili ubaki na shimo. Mimina shimoni maji ya vuguvugu kidogo, uache dakika moja mbili yerba ivimbe. Ziba tundu la juu la bombilla kwa kidole gumba, ichomeke shimoni hadi ifike chini. Kuanzia hapo maji ya moto yanaingia palepale, karibu na mrija, polepole, wala si kumwagia juu ya lile rundo. Sehemu ya juu ya yerba ibaki kavu. Ukiona povu la kijani kibichi limejikusanya kuzunguka mrija, umepatia.

Halafu usikoroge! Nasema kwa msisitizo kwa sababu mkono wetu ukiona kitu kimesimama ndani ya kikombe unataka kukizungusha. Ukikoroga, unga unashuka kwenye chujio, mrija unaziba, na ile yerba kavu uliyoiwekea akiba inalowa yote kwa pamoja. Akiba hiyo ndiyo inayofanya kibuyu kimoja kitoshe chupa nzima ya maji: ladha ikianza kufifia, unaangusha kidogo sehemu kavu kuelekea kwenye maji na kuendelea. Mbele za watu, kushika mrija na kuuchezea ni kumwambia aliyetengeneza kwamba hajui kazi.

Huyo aliyetengeneza, cebador, ndiye mkuu wa baraza. Kibuyu ni kimoja, mrija ni mmoja, mnakunywa kwa zamu. Anayemimina hunywa cha kwanza mwenyewe, maana ndicho kichungu kuliko vyote na chenye vumbi, kisha anamjazia mmoja mmoja. Ukipewa, kunywa mpaka mrija ukorome. Kukoroma huko si utovu wa adabu, ni ishara kwamba umemaliza. Kirudishe kwake, usimpe jirani yako. Na usikae nacho ukipiga soga. Waargentina watakukumbusha kwamba hiyo si maikrofoni. Jambo linalowaponza watu wetu ni asante. Kule, ukisema asante unaporudisha kibuyu, maana yake umetosheka, na duru inayofuata unarukwa. Mtoto aliyelelewa vizuri Tanga anaweza kuondolewa kwenye baraza kwa adabu yake mwenyewe. Pokea kimya, tabasamu, rudisha kimya, na asante iweke mpaka utosheke.

Wapo wanaokereka na mrija wa kupokezana, na siwalaumu. Wakati wa korona, serikali za huko zenyewe ziliwaomba watu kila mmoja anywe na chombo chake. Kwenye milima ya Lebanoni, ambako mate ilifika na wahamiaji waliorudi kutoka Amerika Kusini, hupitisha ganda la limau kufuta ncha ya mrija kabla ya kumpa anayefuata. Ukiwa na mafua, kaa nje ya duru. Hakuna atakayekasirika.

Kuhusu pakiti ipi ununue: anza na ya Argentina iliyochanganywa na vijiti, imeandikwa con palo. Vijiti hupunguza ukali. Ya kupeleka Uruguay kwa kawaida hutoka Brazili, imesagwa laini, haina vijiti, na inataka mtu aliyezoea. Ile ya chimarrão wanayokunywa Wabrazili wa kusini ni unga wa kijani mbichi, na uhai wake ni mfupi dukani. Majani ya mate hupitishwa kwenye moto mkali mara baada ya kuvunwa ili yasiwe meusi, kisha hukaushwa. Ya Argentina hulazwa ghalani miezi kadhaa, hata miaka miwili, yakomae. Ukihisi harufu ya moshi kwenye kibuyu chako, si kwamba umeuziwa mbovu, huenda ni ya kukaushwa kwa kuni. Sukari si dhambi, Waargentina wengi hutia. Ila usiitie kwenye kibuyu cha watu bila kuuliza.

Mti huu umewahi kumfunga mtu. Waguaraní, wenyeji wa asili wa huko, waliutumia kabla Wazungu hawajafika, kisha mapadri Wajesuiti wakafanikiwa kuupanda mashambani, lakini walipofukuzwa mwaka 1767 mashamba yakafa. Mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, Aimé Bonpland, alipoanza kuulima upya karibu na mpaka wa Paraguay, dikteta wa nchi hiyo, Francia, alituma askari wakamkamata mwaka 1821, na akazuiliwa huko kwa miaka mingi. Kwa majani haya haya yanayolalamikiwa kwamba ni machungu.

Kwa mtu wa Dar au Mombasa, ningekushauri uijaribu kwanza kwa njia ya Paraguay: tereré, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2020. Maji ya barafu badala ya maji ya moto, pembe ya ng'ombe badala ya kibuyu, na majani ya dawa yaliyopondwa kwenye kinu yakatiwa kwenye jagi la maji. Mchaichai, ambao tunao nyuma ya nyumba, ni mmoja wa wanaopendwa kule. Ponda mabua mawili matatu, tia mnanaa, barafu, umemaliza. Hakuna kupima joto, na uchungu hauchomozi sana.

Mate ina kafeini, kwa hiyo baada ya alasiri mimi siigusi. Ukiinywa usiku utahesabu mabati. Tumbo tupu nalo silishauri.

Kibuyu kipya kitayarishe kabla ya kukitumia: kijaze yerba iliyokwisha tumika ikiwa mbichi, kilale hivyo hadi kesho yake, kikwangue ndani kwa kijiko, urudie. Baada ya kila kunywa, mwaga masalia yote, suuza kwa maji bila sabuni, kiache mahali penye hewa. Kwa unyevu wa Pwani ukungu hauchelewi, na kibuyu kikishaota ukungu hadi kikanuka sikitetei, natupa. Ndiyo maana nyumbani mara nyingi natumia bilauri, na bombilla naichemsha kila wiki. Hiyo ichemshe tu, haina shida.