Maswali ya Wasomaji: Mtandio wa Bibi na Swali la Asili

*Bibi Mhariri, nakusalimu. Nilizaliwa Unguja, nikakulia Dar es Salaam, na kwa miaka mingi sasa naishi Leicester, Uingereza. Babu yangu alitoka bandari ya Mandvi, huko Kutch katika jimbo la Gujarat, India, akashuka Unguja kwa jahazi wakati wa kaskazi, na tangu hapo hakuna hata mmoja wetu aliyerudi. Binti yangu mdogo anasoma sanaa chuoni. Nilipomwonyesha mtandio mwekundu wa bandhani (kitambaa kinachofungwa mafundo kabla ya kutiwa rangi) niliorithi kwa mama, aliuchukua, na kazi zake zote sasa ni mafundo na vitone. Mwalimu mmoja amemwambia kwamba hiyo ni kazi ya mikono ya kimila, si sanaa ya leo. Yeye anasema anatafuta asili yake na anataka kwenda Kutch, ilhali hatuna ndugu tunayemjua huko na Kikutchi hakijui. Wahindi waliotoka India humwambia kuwa si Mhindi hasa. Waingereza humwuliza ametoka wapi. Je, kitambaa kinaweza kumjibu, au anajidanganya? Nami nimwambie nini?*
*Mama wa binti, Leicester*

Dada yangu, naanza na mtandio wenyewe, kwa sababu nahisi nyote wawili mmeuuliza maswali makubwa kabla ya kutazama ulivyotengenezwa. Mfungaji wa bandhani huinua kipande kidogo mno cha kitambaa kwa ncha ya ukucha, akakizungushia uzi na kukikaza, kisha akahamia kingine, na mafundo ya mtandio mmoja mzuri hufika maelfu. Ndipo kitambaa huchovywa katika rangi, kwa kawaida ile hafifu kwanza na iliyokolea mwisho, na kati ya rangi moja na nyingine hufungwa mafundo mapya. Nyuzi zikifunguliwa, kila kitone unachokiona ni mahali ambapo rangi ilizuiwa kuingia. Binti yako akikaa chini akafunga mafundo mia mbili, vidole vitamuuma palepale vilipomuuma aliyefunga mtandio wa bibi yake. Basi hajidanganyi. Lugha ya babu imempita, lakini mkono unaweza kujifunza jambo ambalo ulimi haukurithishwa.

Ninapotofautiana naye ni kwenye neno "asili". Anazungumza kana kwamba asili ni Kutch peke yake, na kwamba Unguja na Dar es Salaam ni vituo vya kupitia tu. Mtandio huo umeishi pwani ya Afrika Mashariki miaka mingi kuliko ulivyoishi India, na haukuishi humo kama mgeni. Mtandazie kando yake kanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo bibi harusi wa Kiswahili huvaa mpaka leo, umwache atazame vitone vyake bila kumwambia lolote. Mwonyeshe pia kanga yenye maandishi "Mali ya Abdulla", ya Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa mwenye asili ya Kihindi ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Na kama anapenda muziki, amsikilize marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyeimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. (Mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba baadhi ya nyimbo nilizodhani ni zetu tu zilikuwa zimevuka bahari.) Nani katika hayo yote ni mgeni, na nani ni mwenyeji?

Yupo msanii ambaye kazi zake zitamfaa kuliko maneno yangu. Zarina Bhimji alizaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1974, miaka miwili baada ya Idi Amin kuwapa Waasia siku 90 za kuondoka. Filamu yake "Out of Blue", ya mwaka 2002, aliipiga Uganda: mashamba, majengo yaliyoachwa, vyumba vya mahabusu, uwanja wa ndege, na hakuna mtu anayeonekana humo. Ni baadaye ndipo alipovuka bahari hadi Gujarat, na katika "Yellow Patch" ya mwaka 2011 imo bandari ya Mandvi, ileile aliyotoka babu yako. Angalia mpangilio wake: alianzia mahali pa jeraha la karibu, kisha akafuata njia kurudi nyuma.

Kuhusu mwalimu, sina mengi. Mapacha wa Kiingereza wenye asili ya Kipunjabi, wanaojulikana kama The Singh Twins, waliambiwa maneno ya namna hiyo chuoni miaka ya 1980, walipochora kwa mtindo wa picha ndogo za Kihindi, wakahimizwa wawafuate wachoraji wa Ulaya, ambao baadhi yao walikuwa wamejifunza kutoka sanaa za nchi nyingine. Hawakubadili.

Kwa hiyo aende Kutch, lakini aende kujifunza kufunga na kutia rangi kwa mafundi wa Bhuj au Mandvi, asiende kutafuta nyumba ya babu. Tetemeko la Januari 2001 liliangusha sehemu kubwa ya Bhuj, na ningemsikitikia kijana anayesafiri mbali hivyo ili mlango fulani umfungulie. Kabla ya hapo, mpeleke Unguja wewe mwenyewe. Unaniuliza umwambie nini: mwambie mtandio ulivaliwa lini na nani, mama alikuwa akiuita jina gani ndani ya nyumba, uliwekwa ndani ya sanduku la aina gani, nani aliulilia. Hayo hayako kwenye kitambaa, na hakuna fundi wa Mandvi atakayemweleza.

*Mpendwa Mhariri, nami ninao mtandio wa bandhani wa hariri wa marehemu nyanya yangu. Umejaa vijikunjo vidogo vidogo. Je, niupige pasi kabla ya kuuweka kwenye fremu?*
*Msomaji, Mombasa*

Usiupige pasi. Vijikunjo hivyo ni alama za nyuzi zilizokaza kitambaa, na ndivyo wanunuzi wanavyoitambua bandhani ya mkono mbele ya ile iliyochapwa kiwandani, ambayo huwa laini. Fremu pia ningeiahirisha, kwa kuwa mwanga wa jua hupausha rangi. Uviringishe ndani ya kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, usiutie kwenye mfuko wa plastiki, na kama ni lazima ukunjwe, ubadilishe mistari ya mkunjo kila baada ya miezi michache, kwani hariri kuukuu hukatika pale inapokunjwa siku zote. Ukifikiria kuufua, lowesha kwanza ncha moja kwa tone la maji, ukandamize kwa pamba nyeupe, kisha utazame pamba: ikishika rangi, uache ulivyo.