Stata na alteneta za boti kwenye gari

Ndugu, nimekuelewa: umepata stata (mota ya kuwashia injini), alteneta (ya kuchaji betri), themostati (vali ya maji ya kupoza injini) na kabureta (ya kuchanganya petroli na hewa) za injini ya boti, ya petroli, familia moja na injini ya gari lako, na unauliza kama ufunge.

Alteneta na stata funga, mradi matundu ya boliti na meno vilingane. Za boti hukingwa ili cheche isiwashe mvuke wa petroli uliotuama chini ya injini. Kinyume chake, ya gari kwenye boti, usithubutu.

Ila boti ya injini mbili, moja huweza kuzunguka kinyume, na stata yake hivyohivyo. Ibane kwenye jiliwa, iguse betri, tazama kigiya kinazungukia wapi, kisha linganisha na ya zamani. Mimi niliruka hatua hii, nikafungua kila kitu upya.

Themostati iache kabisa. Nyingi za boti zinazopozwa na maji ya bahari hufunguka karibu nyuzi 60, chumvi isigande ndani. Gari huhitaji takriban 82 hadi 90. Injini itabaki baridi, itakula petroli na oili itajaa tope.

Kabureta? Jeti zake, yaani vitundu vya kupitishia petroli, zimepangwa kwa mzigo wa majini. Mpe fundi anayejua kuzipima; ukiona petroli inavuja, zima gari hapohapo.