Premio inayokunywa oili: makanika atulie kwanza

Ndugu, kama hiyo Toyota Premio yako yenye injini ya 1ZZ inamaliza lita nzima ya oili Kampala–Gulu kwenda na kurudi, kuna shida kweli, lakini mwambie makanika asikimbilie kufungua injini. Angalia moshi unatoka wakati gani, ukiwasha asubuhi ikatoa wingu la bluu halafu likakata hizo ni sili za valvu, ila kama unatoka ukikanyaga mafuta kwenye mlima ni ringi za pistoni, na 1ZZ za mwanzo ndo ugonjwa wao, vitundu vya kurudisha oili kwenye pistoni ni vidogo vinaziba na kaboni. Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kinaweza kutoka kizuri kabisa na bado ringi ya oili imeganda, usidanganyike.

Anza na PCV, kale kavalvu kadogo ka kupitisha hewa chafu ya injini pale kwenye kava ya valvu, katoe ukatikise, kasipolia tik tik tupa weka kapya, bei yake si ya kukunyima usingizi.

Ukifikiria kubadilisha injini, ya mtumba ya Kisekka, soko la vipuri pale Kampala, mi naona ni bahati nasibu tu, unaweza kununua ugonjwa uleule. Stiki ya oili pima kila ukijaza mafuta, usingoje taa ya oili iwake ssebo, hapo umeshachelewa.