Siku ya holsela wa nyumba ikoje?

Umeuliza holsela wa nyumba anashindaje, yaani yule anayefunga mkataba wa kununua nyumba kwa bei ya chini, kisha anamuuzia mwekezaji mkataba huo. Kwa kifupi: kwenye simu. Wengi hudhani ni kuzunguka kutazama majumba, kumbe hicho ni kipande kidogo tu cha siku.

Asubuhi ni orodha ya wenye nyumba waliolemewa: mirathi yenye mvutano, kodi iliyolimbikizwa, nyumba iliyohamwa. Wengi watakukatia simu. Anayesema "labda baadaye" mwandike daftarini umrudie, maana dili hupatikana zaidi kwa kufuatilia kuliko kwa simu ya kwanza.

Akipatikana mmoja, mchana unakwenda kukagua na kupiga hesabu. Tuseme ikishakarabatiwa itauzika kwa 200,000. Wawekezaji wengi hawapendi kuvuka asilimia 70, yaani 140,000. Toa ukarabati wa 30,000, inabaki 110,000. Ukitaka 10,000 yako ya faida, mwenye nyumba usimpe ofa inayozidi 100,000. Hapa ndipo wageni wa kazi hii huumia: wanakadiria ukarabati kwa macho, kumbe paa limeoza, mwekezaji akija na fundi wake anaondoka.

Jioni ni kuwatafuta wanunuzi wenye fedha taslimu. Kumbuka huuzi nyumba, unauza haki yako kwenye mkataba. Kwa hiyo mkataba uwe na kipengele kinachoruhusu kuuhamisha, na mwenye nyumba ajue hilo tangu mwanzo (wanaoficha ndio wanaotuchafulia jina). Kuna sehemu sheria inadai leseni, basi muone mwanasheria kabla hujasaini chochote.